Kuhusu Wageni Wanaotaka Kuiona Mianga ya Kaskazini kwa Macho

Kwako Ndugu Mhariri, na wote mnaokaa karibu na jiko la kuni hapo ofisini,

Salamu nyingi kutoka upande wa pili wa ghuba. Mimi ni Torleif Brattvoll, mwenye lile basi dogo lililoandikwa ubavuni "Mianga ya Kaskazini: Uhakika". Kazi yangu ni kuwapeleka wageni kupiga picha za mianga hiyo, ile ya rangi inayocheza angani usiku huku kwetu. Mawingu yametufunika tangu Novemba, wala sijaahirisha safari hata moja, maana kamera nzuri ikiachwa imefumbua jicho kwa muda wa kutosha hutoa rangi hata pale ambapo binadamu anaona blanketi tu. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Naandika kwa masikitiko kwa sababu sanaa hiyo inahujumiwa, tena na watu ninaowafahamu.

1. Macho. Wageni wanakuja nayo. Juma lililopita alifika Bibi Ragnfrid Stuvik, daktari wa meno mstaafu kutoka kusini. Macho yake yanaingia giza kidogo kidogo, na ameambiwa hospitali kwamba kama kuna kitu anataka kukiona, asingoje mwaka mwingine. Ungetegemea mtu wa namna hiyo awe mpole. Alisimama ufukweni kwenye theluji, akainua uso, akauliza mbele ya wote: "Kijana, iko wapi?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. "Hicho ni kioo," akasema. "Mimi nauliza huko juu." Nikamweleza kwa heshima zote kwamba huko juu ni mambo ya zamani. Akanijibu, "Picha ningeitazama nyumbani kwangu, miguu yangu ikiwa na joto." Ndugu Mhariri, mteja kama huyu anahudumiwaje?

2. Eilert wa kituo cha mafuta. Upande wa bandarini mawingu yangu huwa na kijani kizuri mno; ndicho kilichopamba bango la halmashauri mwaka huu, na mwenyekiti alinishika mkono. Jioni ileile ya Bibi Ragnfrid kijani kilikuwa kimekolea kwenye vioo vya kamera. Wageni wanapiga makofi, mama mmoja anafuta machozi. Mara Eilert akafunga kituo, akazima bango lake la taa za kijani kama afanyavyo kila siku, na mianga ya kaskazini ikazimika yote kwa mpigo. Kisha Bibi Ragnfrid: "Naona mbingu zimefunga duka." Walicheka mpaka mmoja akaangusha stendi ya kamera. Asubuhi nilimwendea Eilert, nikamwomba aliache bango likiwaka. "Torleif," akaniambia, huku anageuza soseji zake, "mimi nauza dizeli. Miujiza uza mwenyewe." Hivyo ndivyo jirani anavyojibiwa siku hizi?

3. Mke wangu Gudlaug. Hili naliandika kwa kuheshimu ndoa. Tukirudi, yeye huwapikia wageni supu ya samaki. Walipomuuliza kama kweli mianga ipo, angesema "ipo" yakaisha. Lakini wapi! "Ipo," akasema, "utotoni tulikuwa tunaiona tukitoka kumwaga majivu. Ngojeni mawingu yaondoke, au vukeni milima kuelekea Ufini, huko mbingu ni safi." Halafu akamwongezea Bibi Ragnfrid supu, kipande kikubwa cha samaki juu. Basi langu ndilo linalotulisha, naye ndiye anayelitoboa matairi.

4. Wazawa wote waliobaki. Kila mmoja anasimulia alivyoiona bure, dirishani, akipiga mswaki. Ukimwomba picha, hana. Jambo lisilo na picha ni uvumi, na gazeti lako halichapishi uvumi.

Kwa hiyo naiomba halmashauri, kupitia kwako: bango la Eilert liwake mpaka alfajiri kwa amri. Kijengwe kituo cha pili chenye taa za zambarau, maana wageni wameanza kuulizia zambarau. Wageni waache miwani mlangoni pamoja na viatu. Kuinua uso juu bila kamera kuhesabiwe kosa, isipokuwa kwa anayetokwa damu puani. Na ikitokea bahati mbaya mbingu zikafunguka, ofisi ya hali ya hewa initaarifu mapema, nipate kushusha mapazia ya basi.

Nisalimie mkeo, mafundi wa mtamboni, na yule dada wa matangazo ya vifo ambaye hajawahi kunikasirikia.

Wako katika kuyaelimisha macho ya watu,
Torleif Brattvoll

Baada ya kuandika: Nilikuwa naileta barua hii kwa mkono wangu, huku tukimpeleka Bibi Ragnfrid kivukoni aende zake, Gudlaug kakaa naye nyuma. Tulipofika darajani, giza limeshaingia, upepo ukapasua mawingu. Bibi akasema, "Simamisha." Nikasimamisha. Mianga ikashuka, ya kijani, ikajikunja kama shuka linalokung'utwa na watu wawili, ukingoni wekundu ambao sijawahi kuupata kwenye kamera yoyote. Bibi Ragnfrid alimkamata Gudlaug mkono, akaung'ang'ania mpaka ilipokwisha, na kivuko kikaondoka bila yeye, wala hakujali. Mimi nilisimama katikati ya barabara. Lori likanipigia honi mara mbili ndipo nikasogea. Shingo inaniuma mpaka sasa. Kamera ilikuwa begani mwangu, imefunikwa.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafuteni, bakizeni lile ombi la bango la Eilert tu. Na kama kuna msomaji aliyeipiga picha jioni ile, anitumie haraka, ninatengeneza tangazo jipya. Jina lake nitaliandika chini, kwa herufi ndogo.