Fremu Kumi na Mbili na Kidole cha Babu

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimeanza biashara. Mpango: kuuza mtandaoni nakala za picha za Babu Rundu. Sababu yenyewe simwambii mtu. Tangu Bibi afariki mwaka jana, Babu hajachora hata jani. Brashi yake bora amempa Shangazi Renti apakie mafuta samaki wa kuchoma! Lakini akijua kwamba mtu mmoja tu, huko mbali, ametundika kazi yake ukutani, ataidai brashi. Nina hakika. Nimesoma vitabu vitatu vya biashara (cha tatu nusu).

Binamu Gede, ambaye huuza picha za machweo, aliniuliza mbele ya rafiki zake nitawezaje kuuza, mimi Profesa, ambaye kwa haya hata tambi namtuma mdogo wangu anunue. Jibu kali limenijia sasa hivi, nimeliandika pembeni.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenunua fremu kumi na mbili, sentimita thelathini kwa arobaini. Bei ya kutupa. Hazirudishwi.

Kisha nikapima picha. Vitabu vinashauri uanze na hilo.

Ole wangu! Babu hatumii rula. Baba yake alikuwa fundi wa nyumba, na mafundi wetu hupima kwa miili yao: pima, dhiraa, shubiri. Mwishoni huongeza upana wa kidole, ili kitu kiwe na uhai. Picha ya sherehe ya hekalu ni shubiri moja na nusu kwa shubiri mbili. Na kidole. Inaingia kwenye fremu barabara, isipokuwa uhai.

Jumatano, 6 Agosti
Nikaona niuze kubwa, za mita nzima, bila fremu. Bwana Sugeng wa duka la kuchapisha alinionya kwamba picha niliyopiga kwa simu yangu haitafika ukubwa huo. Nikamwambia (kwa sauti ndogo sana) kwamba mteja ni mfalme. Wacheza ngoma wametoka kama vigae vya bafuni. Shangazi ameuliza ni ramani ya wapi.

Basi, fremu. Nimekata kile kidole. Picha ina watu zaidi ya mia, huko ukingoni kutakuwa na majani tu.

Jumamosi, 9 Agosti
MTEJA! Mwalimu mmoja wa mji wa mbali, Surabaya. Gede kauliza kama ni mama yangu kwa jina la bandia. Wivu. Nimetia nakala mbili kwenye fremu: moja ya mwalimu, moja nimeitundika barazani, Babu aikute asubuhi.

Jumapili, 10 Agosti
Babu kaikuta. Kachukua lenzi yake, kaipitia picha mtu kwa mtu, kama anayeita majina darasani. Alipofika ukingoni akasimama.

“Luh, mjukuu wangu, bibi yako umempeleka wapi?”

Natamani ardhi inimeze. Nimezipitia zote: katika kila picha ya Babu, Bibi yumo kwenye kile kidole cha mwisho, sinia la matunda kichwani, anakimbia kuwahi hekaluni. Miaka kumi na sita naishi na picha hizi, sikuwahi kumwona! Babu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba Bibi alikuwa mchelewaji, lakini hakuwahi kukosa kufika. Kisha akaenda kulisha kuku.

Nimelia nyuma ya ghala la mpunga. Gede kanikuta, akajidai anatafuta baiskeli. Kasema Profesa, punguza picha nzima, uizungushie kadibodi nyeupe, fremu itajaa na Bibi atabaki. Kazikata kadibodi zote kumi na mbili yeye mwenyewe, akinitukana kwa kila moja. Ya mwalimu tumeibadilisha kabla haijatumwa. Jibu lile kali nimelifuta.

Jumamosi, 16 Agosti
Mwalimu ameandika! Picha ipo ukutani, na wanawe wanabishana: yule mama anayekimbia pembeni kabisa atawahi? Nilimsomea Babu mara mbili. Alielekea jikoni.

Jumapili, 17 Agosti
Shangazi anapaka samaki mafuta kwa bua la mchaichai na kulalamika kuhusu wizi. Babu yuko barazani na karatasi mpya, shubiri mbili kwa mbili. Na kidole. Ameanzia kwenye kona ya chini, anachekacheka peke yake.

Nami nina mpango mpya, mkubwa kuliko wote: saa za ukutani! Picha hii itakaa vizuri sana. Saa ni za duara, nimeshaagiza ishirini na nne, hazirudishwi. Gede ananisihi nifikiri kwanza. Nifikiri nini? Zitakatika kona tu, na nani aliwahi kuweka kitu cha maana kwenye kona?