Sufuria ya Shangazi Ndani ya Motokaa

Alhamisi, 12 Agosti 1954

Nimeahidi. Ulimi huu!

Shangazi Biubwa, aliyenilea, alikuwa akiwaeleza kinamama wa chama chake cha mtaa wa Dunda habari za harusi ya binti yake Tabia, Ijumaa ya wiki ijayo. Akasema Mwinyijuma amejitolea kumpeleka bibi arusi kwa mumewe kwa gari la mjomba wake. Mwinyijuma! Karani wa stoo, mwenzangu katika shamba la mkonge, anayeniita Bwana Kalamu mbele ya watu. Kinamama wakamsifu. Nikasikia mtu akisema bibi arusi atapanda motokaa ya Ausi, iendayo kasi kuliko gari lolote la Bagamoyo. Mtu huyo alikuwa mimi.

Motokaa yangu ina viti vizuri na giaboksi nzima. Injini ilikufa zamani. Ninayo injini ya jipu, gari la askari wa vita, yenye nguvu za kutisha, ila haipatani na giaboksi. Matundu ya bolti hayakutani hata moja.

Nikamwendea Mohamedi, fundi wa karakana ya shamba. Akasema dawa ipo: bamba nene la aluminiamu likae katikati. Matundu mengine yafuate injini, mengine yafuate giaboksi, na katikati litobolewe mhimili upite. Nikamwuliza kwa nini si chuma. Kizito, akasema, na mashine yetu ya kukerezea ingelia mwezi mzima; aluminiamu hukatika kama halua. Pistoni kuukuu zingefaa sana kuyeyusha, lakini zimeandikwa katika vitabu vya stoo, na vitabu anavyo Mwinyijuma.

Nikauliza tutapata wapi nyingine. Mohamedi akacheka, akaniuliza kwetu pilau hupikiwa katika nini.

Mimi sikucheka. Nilianza kufikiri.

Jumamosi, 14 Agosti

Sufuria kubwa ya kinamama wa Dunda hukaa kwa Shangazi. Ni ya shughuli zote: harusi, hitima, maulidi. Baada ya pilau ya Idi imesuguliwa na kufudikizwa uani. Mpaka Ijumaa haina kazi. Nikiichukua leo, Alhamisi nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kununua nyingine kama hiyo, nani amedhulumika? Nimelitazama jambo hili kila upande. Hakuna.

Nilimwambia Shangazi naipeleka kutiwa bati. Akasema hutiwa bati sufuria za shaba. Za aluminiamu tangu lini? Nikasema elimu imeendelea. Akasema haya, msomi, irudi inang'aa, maana Bi Mwaija na wenzake watakuja kutuchungulia jikoni.

Bi Mwaija ni mkubwa wa chama cha pili cha kinamama. Kati ya vyama hivi viwili hata kijiko kina hadhi yake.

Niliibeba kichwani. Nikakutana na Mwinyijuma, akaniuliza kama ni mimi ninayeolewa.

Jumapili, 15 Agosti

Ajabu! Ajabu kabisa!

Karakana tupu, Bwana Meneja kaenda pwani. Mohamedi aliikata sufuria kwa shoka. Tukatia vipande katika chungu cha chuma juu ya makaa, nikavuta mivukuto.

Chuma kikipata moto huwa chekundu, kinakuonya. Hii haionyi. Ilikaa nyeupe, nyeupe vilevile, kisha ghafla ikalala kama mtu aliyezirai. Juu ikavaa ngozi ya kijivu. Mohamedi akaiengua ngozi ile, na chini yake palikuwa na kioo; niliona uso wangu ndani ya sufuria ya Shangazi. Uso ulikuwa na hofu. Niliendelea kuutazama hata Mohamedi akaniambia Karani, toa pua, utaikaanga.

Tulimimina katika kalibu ya mchanga wenye unyevu. Mvuke ukapiga kelele. Nami nilipiga, lakini kidogo. Ilipopoa tulitoa kitu kama mkate wa mofa, kizito, kina vishimo. Nimekipapasa sana. Mbona kimiminika kile kimekumbuka kila chembe ya mchanga?

Jumanne, 17 Agosti

Kazi ya vipimo ni yangu, maana mimi ndiye msomi. Nilibandika karatasi kwenye uso wa injini nikaisugua kwa kidole cha mafuta mpaka matundu yakatokea. Kisha giaboksi. Karatasi ya giaboksi ilichafuka mno, na mimi sitoi kazi chafu. Nikaichukua ofisini nikaichora upya kwa karatasi ya kaboni. Nakala ikatoka safi, mistari myembamba, ungedhani ya serikali. Mohamedi akasema kweli shule ni shule.

Saa za chakula cha mchana akakereza. Bamba linazunguka, kisu kinaligusa, na utepe wa fedha unachuruzika bila kukatika, unajikunja kama nywele za mtoto. Nilisahau kuogopa. Nikakumbuka niliporudi ofisini: Bwana Meneja akaniuliza kinachong'aa kichwani mwangu ni nini. Nikasema mba. Akasogea nyuma.

Alhamisi, 19 Agosti

Msiba.

Bamba limekaa kwenye injini kama limezaliwa nalo. Kwenye giaboksi limegoma. Tukaligeuza. Sasa giaboksi inalikubali, injini inalikataa. Tukaligeuza tena. Tumeligeuza mpaka Mohamedi akaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Kumbe kaboni niliipindua! Uso wake mweusi ulitazama juu, mchoro ukatokea nyuma ya karatasi ya juu badala ya ile ya chini, kulia kumekuwa kushoto kama kiooni. Nami nikausifu usafi wake! Mohamedi akasema shule yangu ilifundisha kuandika kinyumenyume. Nikamjibu kwamba kaboni za siku hizi hazina alama.

Matundu mawili tu yamekutana, la juu kabisa na la chini kabisa, kwa sababu yako katikati na hayajui kulia wala kushoto. Mohamedi amekaza bolti mbili. Nikamwuliza kama zinatosha. Akaniuliza kwani bibi arusi anakwenda Ulaya?

Basi la Dar es Salaam limeondoka nikiwa chini ya motokaa. Sina sufuria. Nimemwambia Shangazi bati halijakauka.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimejifungia chumbani, naandika.

Alfajiri kinamama walidai sufuria. Nikasema bado. Mchele umerowekwa, mbuzi wamechinjwa, sufuria bado! Ndipo Bi Mwaija akaingia na vigelegele, na sufuria yao imebebwa nyuma yake kama sultani. Wenzake wakaimba kwamba sufuria za wengine zimepelekwa shule, zitarudi zinajua kusoma. Shangazi alicheka kwa meno tu. Pilau ya mwanawe ikapikwa katika sufuria ya Bi Mwaija. Alimshukuru mbele ya watu wote. Sijawahi kumsikia akisema maneno yale.

Imebaki motokaa, nikajiambia. Motokaa itafuta yote.

Tabia alipanda nyuma na Shangazi. Nikawasha. Mngurumo ule! Nikatia gia na Dunda ikaruka nyuma yetu: kuku, msikiti, genge la samaki. Mwinyijuma alifuata na gari la mjomba wake, nikamwona kwenye kioo akipungua, akipungua, akawa vumbi. Tabia akapiga kelele niongeze. Niliongeza.

Pakalia ta! Injini ikapandisha mori peke yake, motokaa ikakata tamaa. Tulisimama mbele ya baraza ya Bi Mwaija. Hasa hapo.

Mohamedi, aliyekuwa ameng'ang'ania mlangoni, akaingia uvunguni, akatoka na bamba vipande viwili. Akatangaza kwa sauti ya mnadi kwamba alinionya, sufuria ya pilau ni laini mno kwa injini ya jipu.

Watu wakaja mbio kutazama vipande. Hata Bi Mwaija.

Tabia alicheka mpaka shela ikamwanguka. Shangazi hakucheka. Alivichukua vipande viwili, akavifuta grisi kwa ncha ya kanga, akaingia navyo, yeye na Tabia, katika gari la Mwinyijuma lililokuwa limetufikia. Aliketi amevipakata mpaka kwa wakwe.

Jumapili, 22 Agosti

Shangazi amesema. Kinamama wa Dunda wapate sufuria yao kabla ya Maulidi, ukubwa uleule, au nitandike mkeka wangu kwingine. Na kila mwanamke nitakayempita ana ruhusa ya kuniuliza iko wapi. Wanaitumia. Tangu sokoni mpaka posta wanaitumia. Vipande akanitupia miguuni: nenda ukaunge.

Nimelia kidogo. Kisha nikafikiri: kilichotoka sufuria si kinaweza kurudi sufuria? Nikamwendea Mohamedi. Hajawahi kusubu sufuria, lakini amesema kalibu ni kalibu. Tatizo ni moja. Sehemu iliondoka na ngozi ile ya kijivu, sehemu ikaondoka na tepe za fedha. Kilichobaki hakitoshi. Ili tupate sufuria ya Shangazi, lazima tuongeze sufuria nyingine.

Jambo jepesi. Mama mdogo Bimdogo, wa kijiji cha Makurunge, ana sufuria nzuri na hana harusi karibuni. Nitamwambia tuna dua.

Na ikibaki kidogo, nimechora bamba jingine, nene zaidi. Maana jana Mwinyijuma alinijia peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini tulikuwa tunakwenda kasi gani.

Kesho natoka mapema. Nimeazima mkokoteni, nimekumbuka kwamba mama mdogo ana sufuria mbili.