Uzinduzi wa Kliniki ya Wakonyezao, Wanyofoao na Warudiao

Mtukufu Kgosi, chifu wetu, Mheshimiwa Diwani, Naibu wa Diwani, mke wa Naibu, wachungaji, waganga, wenye ng'ombe na mnaotarajia kuwa nao, itifaki imezingatiwa. Mvua na baraka, Pula! (Umati: "Pula!")

Mimi, Gaopalelwe Mosinyi, Mkurugenzi wa Mikakati ya Afya ya Akili, ninayejulikana hata makao makuu, nimeongoza utafiti shirikishi, wenye semina na seswaa, ile nyama ya kupondwa, uliothibitisha kwa asilimia mia na nne kwamba nyumba ya Mma Onkemetse haikulogwa. Simama, mma. (Anasimama na wanawe. Minong'ono.)

Kijana Tebatso hukonyeza macho na kuguna, binti Gorata hunyofoa nywele zake, nao mama yao hurudi kukagua lango hata akiwa amekwisha kulifunga, akihofu wanawe watachinjwa. Mkasema uchawi! Daktari aliyetuhutubia kwenye semina alisema hayo ni magonjwa ya ukoo mmoja: msukumo hupanda, kitendo huutuliza kidogo, kisha huo, umerudi. Ila kijana husukumwa na mwili, mama husukumwa na wazo la kutisha, na binti yuko katikati, mkono wake hupanda kichwani hata hajajua. Kuwagombeza ni kazi bure. Wanaweza kufundishwa kuutambua msukumo na kuushinda polepole. (Makofi.)

(Bibi kizee, mama mkwe wa Onkemetse: "Kwa hiyo hawakulogwa?")

Hawakulogwa, bibi.

("Na nyie mlioniambia nimfukuze mkwe wangu, mmesikia? Njoo, mwanangu, kaa hapa kwangu." Onkemetse analia. Vigelegele.)

Naomba vigelegele hivyo viandikwe kuwa vyangu.

(Tebatso: "Rra, bwana mkubwa, mbona na wewe unashika tai kila neno?" Kicheko.)

Hiyo ni itifaki, kijana!

(Onkemetse: "Rra, tumetembea tangu alfajiri. Mlango wa kliniki uko wapi?")

Swali la kimkakati! Afya Kwanza! Maendeleo Daima! Nahitimisha kwa kumshukuru daktari ambaye ataajiriwa, fundi ambaye atatafutwa, na mwenye zizi hili aliyetuazima nguzo mbili za kufungia utepe. Mheshimiwa Diwani, weka mkasi chini. Tufungue fundo tu, maana utepe ni huu mmoja, na kesho tunazindua daraja.