Homa ya Kutengeneza

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Shavu limevimba kama nimeficha ndimu. Mkwe wangu, mwalimu wa sayansi, kanikagua mdomo kama anakagua madaftari, kisha kahukumu: Ijumaa jino ling'olewe. Mwanangu kaitikia. Tangu aoe, anaitikia kila kitu. Jirani yetu, fundi cherehani, kaja kunipa pole, akasema yeye kang'olewa matatu na hakutoa hata mguno. Nani kamuuliza? Ila kadokeza jambo: mwenye homa hang'olewi, hurudishwa nyumbani. Basi nitaugua homa.

Jumanne, tarehe 10
Mkwe kaleta kipimajoto kirefu cha maabara ya shule, kaniachia nijipime. Nikakitumbukiza kwenye chai. Niliposikia ndala zake, haraka kwapani. Kwapa likaungua, nikajikaza. Akasoma: sitini na mbili. Akasema, Baba, kwa joto hilo ungekuwa umeshaiva. Wala hakukitoa. Akaketi, tukakitazama kikishuka, taratibu, kama shahidi anayebadili maneno mbele ya hakimu, hadi thelathini na sita na nusu. Kikatulia. Akaeleza kwamba hicho hakijui homa. Hupeana joto na kinachokigusa mpaka vilingane, ndipo hutulia. Yaani kilikuwa upande wa chai, sasa kiko upande wangu. Kigeugeu.

Jumatano, tarehe 11
Dawa ni kujipasha mwenyewe. Nikajaza chupa maji ya moto, nikaikumbatia ndani ya blanketi kama bwana harusi. Raha. Nikasinzia. Mkwe kuingia na kipimajoto chake, mimi mzima kabisa, na chupa vuguvugu kama mimi. Kacheka mpaka kashika ukuta. Mmelingana, Baba, akasema. Hata mkumbatiane mpaka kesho, hakuna wa kumpa mwenzake joto. Kweli, maskini wawili hawapeani sadaka.

Alhamisi, tarehe 12
Fundi kaniuliza mbele ya wateja wake kama nimeshaandika wosia. Wakacheka. Nami nikacheka, jino likanikumbusha adabu. Lakini nimepata habari: zahanati wanapima mdomoni. Kesho nabeba chupa ya chai.

Ijumaa, tarehe 13
Foleni ndefu. Nikapiga funda la chai, nikalihifadhi mashavuni, nikimngoja nesi. Nesi akapata wa kuzungumza naye. Chai ikapoa humo humo, nikameza. La pili, vilevile. Nesi akaja ghafla. Nikapiga la tatu, kubwa, la moto kuliko yote. Likaingia moja kwa moja kwenye tundu la jino.

Ukelele ule uliwatoa watu vyumbani. Chai ilimfikia nesi kwenye sare. Daktari hakuuliza jino gani, nilikuwa nimelishika. Homa hakuna aliyeipima.

Jumamosi, tarehe 14
Jino limekwenda. Sindano moja, na kabla sijamaliza dua liko kwenye sahani. Nimemwambia fundi sikutoa hata mguno. Mkwe, aliyekuwepo zahanati, kakohoa. Kisha katangaza: daktari kaona jingine bovu. Ijumaa ijayo.

Lakini sasa elimu hii ya joto nimeielewa vizuri. Kosa langu lilikuwa kwenda upande wa moto. Daktari gani atamng'oa jino mtu aliye baridi kama maiti? Chupa yangu iko kwenye friji.