Kisu Kimegoma Kufunga

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Bosi katutangazia asubuhi, mimi na binamu, hata chai hatujanywa. Jumamosi anachagua msimamizi wa stoo. Mmoja wetu! Atapewa ufunguo, meza yake na kiti kinachozunguka. Nimekijaribu bosi alipokwenda msalani. Kinazunguka kweli.

Tatizo ni binamu. Mtoto wa shangazi, hapa duka la magodoro wanamwita Chapchap. Ana kisu kidogo cha kukunja, mpini wa mbao, kizee kuliko yeye. Mzigo ukishuka anakifungua kwa ukucha, anakata kamba, anakikunja, kinarudi mfukoni. Hujapepesa macho, keshahamia godoro la pili. Mimi natumia meno. Bosi hapendi nitumie meno mbele ya wateja.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kesho nanunua kisu. Kikubwa!

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza vifaa, yule wa dirisha dogo, misumari huku, mitego ya panya kule. Kanitolea trei nzima. Kauliza nataka cha kazi gani. Cha kazi zote, nikamwambia. Kanipa kimoja chembamba, eti kisu cha kila siku kiwe chepesi, kikae mfukoni mpaka usahau umekibeba. Sasa kisu ukikisahau kina faida gani?

Nikasonta kile cheusi. Kinene! Unasukuma kwa kidole gumba, kinafyatuka: chwaa! Paka wake akahama kaunta. Hicho hicho!

Muuzaji akakifunga, akaanza kunieleza kwamba hiki kina loki ndani, kikishafunguka hakirudi mpaka... Nikamkatisha. Najua, najua. Mimi mtu wa kufundishwa kisu? Pikipiki nimejifunza mwenyewe. Kunyoa nimejifunza mwenyewe. Kinanda pia, upande wa kulia. Akasema haya bwana, akanifungia kwenye gazeti.

Nyumbani sijakigusa. Chwaa ya kwanza nataka isikike kazini.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe kununua kisu ni kazi ndogo. Kazi ni kukibeba!

Mfuko wa mbele: suruali imeshuka upande mmoja. Bibi yangu pale nyumbani kaniuliza nani kanipiga nyonga. Mfuko wa shati: nikiinama kinanipiga kidevu. Kwenye soksi: nachechemea, mlinzi wa duka akanipa pole. Basi nikakitia mfuko wa nyuma, nikakalia kile kiti kinachozunguka, mara moja tu. Mfuko ukachanika. Kisu kikashuka ndani ya suruali polepole, kikatokea juu ya kiatu, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anachagua godoro la sita kwa sita. Akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, umetaga.

Binamu kacheka mpaka akakosea risiti. Acheke tu. Lori la mzigo linakuja kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Lori! Nikasimama katikati ya duka, miguu nimeipanua. Chwaa! Wote wakageuka. Nikakata kamba ya kwanza, ikaachia yenyewe kama inaniogopa. Utamu ulioje!

Kisha nikataka kukikunja.

Kimegoma. Nikasukuma. Nikabonyeza kwa goti. Nikakiegemeza mlangoni. Wapi! Jasho likaanza kunitoka mpaka masikioni. Binamu akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, bado naendelea tu.

Basi ikabidi niendelee. Mtu aliyeshika kisu wazi bila kazi ni mwizi. Mtu aliyeshika kisu wazi anakata ni mfanyakazi. Nikakata! Kamba zote, nailoni zote, maboksi yote. Maboksi yalipokwisha nikayakatakata vipande, nikavifunga kamba, ili nipate kamba za kukata. Nikapunguza nyuzi za mapazia. Nikatoka nje nikapogoa ua la bosi. Binamu akaniita tukale. Nikamwambia kazi kwanza. Njaa ilinishika, lakini sahani utaishikaje na kisu mkononi?

Bosi akapita. Akapita tena. Akasimama. Nikamsikia anamwambia mtu wa kaunta kwamba tangu afungue duka hajaona kijana aliyepandwa na kazi namna hii.

Kurudi nyumbani nimekitia kwenye boksi tupu, nikalikumbatia njia nzima. Bibi kuniona tu akafurahi, akauliza kama nimeleta keki. Nilipomwambia ni kazi, akageukia ukutani.

Ijumaa, 8 Machi

Na boksi langu tena. Bosi kanisalimia kwa jina la utani alilonipa mwenyewe: Msumeno! Nimekata mpaka lebo zilizotakiwa kubaki.

Wakati wa chai binamu akanifuata nyuma ya makabati. Akauliza boksini mna nini. Nikamwambia mambo ya wakubwa. Akachungulia. Kisu kiko wazi, kinameremeta. Akakitazama, akanitazama, akakitazama. Kisha akaanguka kwenye godoro kwa kicheko, na godoro bado lina nailoni, likawa linalia naye kwii, kwii, kwii.

Nikamsihi. Binamu, damu nzito kuliko maji. Binamu, kumbuka nani alikubali kubeba lawama za birika la shangazi lililovunjika. (Ni mimi niliyelivunja, lakini pia ni mimi niliyekubali.) Angeweza kwenda kwa bosi palepale, kiti kikawa chake. Badala yake akachukua kisu, kidole gumba kikagusa kitu ndani, tk, kimefunga. Siku mbili nimehangaika!

Akaanza kunionyesha. Eti tazama hapa, kuna kibati, ukikisogeza pembeni... Nikamwambia najua, najua, nilikuwa nakipa tu hewa. Kanirudishia kisu mkononi. Kasema haya, mjuaji.

Na hakumwambia mtu. Nimeshindwa kumwelewa.

Jumamosi, 9 Machi

MSIMAMIZI WA STOO NI MIMI! Ufunguo! Meza! Kiti! Nimezunguka mpaka ukuta ukanifuata.

Binamu kapewa kwenda na lori kupeleka mizigo kwa wateja, anakaa mbele, dirishani. Naye anarukaruka kama kashinda yeye. Kumbe ndiyo kazi aliyokuwa akimwomba bosi muda wote, vumbi la stoo linampa chafya. Wiki nzima nimeshindana na mtu ambaye hata hakuwepo uwanjani! Lakini ushindi ni ushindi.

Bosi akanipeleka stoo, akaanza kunieleza habari za mlango. Unajifunga wenyewe, eti, na kwa ndani hauna kishikio, kwa hiyo kwanza mtu anatakiwa... Bosi wa watu, ana mambo mengi, nikamwokolea muda. Najua, najua. Binamu akakohoa. Vumbi hilo.

Jumatatu, 11 Machi

Niko stoo. Ndani.

Mlango umejifunga wenyewe. Ufunguo uko nje, unaning'inia palepale kitasani. Kiti kiko nje. Binamu kaondoka na lori tangu asubuhi. Bahati nzuri shajara ilikuwa kwenye mfuko uliobaki mzima.

Bosi kagonga mara moja, kauliza kama sitoki kula. Nikajibu kwa sauti nzito, kazi kwanza! Akaondoka ananisifu, nimemsikia mpaka kaunta. Msumeno hata njaa haijui! Tumbo limenguruma, nikalifunika kwa mto.

Nimejaribu kukichokonoa kitasa kwa kisu. Chwaa! Kitasa hakijatikisika. Na kisu sasa kimegoma kufunga.

Hakuna kamba iliyobaki humu. Nimekata zote. Nimelala juu ya magodoro matano, nimekishika kisu juu kama mshumaa, na mahali hapa ni pazuri, sitanii, ni laini kuliko kwangu.

Lori likirudi binamu ndiye atakayefungua. Nitakuwa nimeshasimama, nimejipangusa, nahesabu mito. Na akianza tu kunieleza habari za mlango huu, namkatisha. Nimekaa nao uso kwa uso siku nzima. Nani anaujua kuliko mimi?