Nukta Zilizonikuta Kwenye Meza ya Chai

Leo nimejianika. Mchana kweupe, Musoma mjini, mbele ya watu niliotaka waniheshimu. Na kabla hamjaanza maneno yenu, jueni bado nina hasira. Nina hasira na Magesa, nina hasira na mashine yake, nina hasira na samaki.

Kwa wasionijua: naitwa Nyangeta, nakaa Bunda, natengenezaga gemu za simu. (Ndiyo, ni kazi. Mama yangu naye bado anauliza.) Gemu karibu zote mnazocheza, nyumba, miti, ng'ombe, vyote ni pembetatu ndogo ndogo zimeshonwa pamoja. Mshonaji ndiye mimi. Nyumba moja inaweza kunila wiki nzima mpaka macho yanatoa maji.

Sasa kuna mama mmoja wa Butiama, Mama Wegesa, anataka gemu ya maisha ya zamani ya Mara. Nyumba za nyasi, ng'ombe, mashamba ya pamba, yale mawe makubwa ya ziwani. Kazi niliyoiota tangu chuo. Tulibaki wawili tunaoigombea, mimi na Magesa, na leo alituita kwenye ukumbi Musoma kila mtu aonyeshe uwezo wake.

Magesa ni kijana wa Kiabakari, tulisoma pamoja. Mpole, ana adabu, anakera. Mwaka mzima anatuandikia kwenye grupu: "Pembetatu zimekwisha. Sasa ni zama za nukta." Ana mashine inayopiga mwanga pande zote. Mwanga ukigonga kitu, inaweka nukta yenye rangi hapo. Nukta mamilioni. Hakuna kuchora! Unasimamisha mashine, unasubiri nje, unarudi na jiwe lako limekamilika.

Utapeli! Nimemjibu mpaka vidole vimechoka. Nukta zinajaza simu mpaka inapata homa. Vivuli vinaganda: ukipiga asubuhi, gemu nzima itakuwa asubuhi mpaka mwisho wa dunia. Ukisogea karibu, ukuta unageuka ulezi uliomwagika. Na kubwa kuliko yote, kitu kikisogea kinaharibika. Ng'ombe gani atasimama akusubiri?

Basi. Nikatoka Bunda alfajiri, sijanywa hata chai. Nikafika ukumbini mapema, mlango wa mbele umefungwa, nikaingia kwa mlango wa pembeni. Hakuna mtu. Viti vimepangwa vizuri. Katikati kuna stendi, juu yake kidude kinazunguka taratibu. Nikajua ni feni. (Feni! Mimi, mtaalamu!) Nikashangaa kidogo mbona haitoi upepo.

Kando ya ukuta kulikuwa na meza ya chai, na juu ya meza sinia limefunikwa. Nikafunua. Samaki, sato wa kukaanga, vipande vizuri, bado vya moto.

Nikala kimoja. Nikatazama mlango. Nikala kingine. Halafu (Mungu wangu) nikakunja viwili kwenye tishu nikaviweka kwenye mkoba, kwa ajili ya safari ya kurudi. Nikafuta mdomo, nikatoka kwa mlango ule ule, nikazunguka mbele nikasubiri kama mtu mwenye malezi.

Watu wakaja. Saa ya chai, samaki wakapungua. Mama Wegesa akamwita mpishi, dada mmoja anaitwa Bhoke.

"Bhoke, hawa ndio samaki wote?"

"Niliweka wa kutosha, mama. Nilihesabu mwenyewe!"

"Sasa wamerudi ziwani?"

Watu wakacheka. Bhoke akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nakoroga chai yangu kwa bidii sana.

Nikaonyesha kazi yangu kwanza. Ng'ombe wangu walitembea, walikunywa maji, mmoja alitikisa mkia kufukuza nzi. Watu wakapiga makofi. Nikakaa nimejaa sifa.

Akaja Magesa na mawe ya ziwani.

Niseme kweli. Kila ufa ulikuwepo, mpaka kinyesi cheupe cha ndege. Nikakumbuka nyumba ya babu kule Nyamuswa iliyoangushwa na mvua. Nimeijenga kwa pembetatu mara nyingi, na mpaka leo mimi na kaka tunabishana dirisha lilikuwa upande gani. Kama mtu angepita pale mapema na mashine ya Magesa, tusingebishana. Kwa muda mfupi nilitamani awe sahihi kuliko nilivyotamani ile kazi.

Halafu akasema, "Pembetatu zitusamehe," watu wakacheka. Hasira ikarudi yote!

Nikasimama. "Hiyo ni video tu! Umeirekodi nyumbani!"

"Hapana dada Nyangeta. Hata ukumbi huu nimeupiga leo asubuhi kabla hamjafika. Njoo ushike mwenyewe."

Akabonyeza kitu, ukutani ukatokea ukumbi wetu. Viti, madirisha, pazia. Akanipa kile kidude cha kuchezea gemu, cha kushika mkononi. Nikamnyang'anya, kusema kweli.

"Sawa," nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Ndugu zangu, tusogee karibu na kitu, mwone kinavyovunjika. Twende pale kwenye meza ya chai."

(Nilichagua mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.)

Nikatembea. Karibu na meza kulikuwa na vivuli vitatu, vimekatikakatika kama moshi. Nikaruka kwa furaha!

"Mnaona! Mizimu! Si nilisema? Kitu kikisogea kinaharibika! Mashine ilizunguka zaidi ya mara moja, na kila ikizunguka ikamkuta huyu mtu mahali pengine. Mtu mmoja amekuwa watatu!"

"Mtu gani?" akauliza Mama Wegesa. "Sogea tumwone."

Nikasogea. Mimi! Kwa mkono wangu!

Wa kwanza ameinama, ameshika mfuniko. Wa pili mashavu yamevimba. Wa tatu, mkono mmoja una tishu, mwingine uko ndani ya mkoba. Nyuso hazionekani vizuri, lakini kitenge kilionekana vizuri mno. Kitenge cha njano chenye tausi wa bluu. Ukumbi mzima ukageuka taratibu kunitazama mimi, nimesimama na tausi wangu.

Nyuma kabisa ikasikika sauti ya Bhoke.

"Haa! Kumbe ni wewe!"

Jamani. Watu walilia kwa kicheko. Mzee mmoja alishika ukuta. Magesa peke yake hakucheka, akaninong'oneza, "Dada, sikujua umo humo. Niliweka mashine kwenye ile stendi nikatoka." Angecheka ingekuwa afadhali!

Nikaenda kwa Bhoke, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akanitazama, akasema, "Ungeomba tu, mdogo wangu, ningekuwekea na ugali." Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Mama Wegesa alipomaliza kufuta macho, akatoa hukumu. "Mawe na nyumba alete Magesa. Ng'ombe na watu atengeneze Nyangeta. Nimeona kwa macho yangu, mashine haimuwezi mtu anayetembea."

Yaani nilikuwa sahihi! Kila neno! Na hakuna hata mmoja aliyetoka pale akisema Nyangeta alikuwa sahihi.

Tukiwa nje nikamwambia Magesa anifute.

"Nitajaribu," akasema. "Tatizo nukta hazijui mtu anaishia wapi na meza inaanzia wapi. Nikikutoa wewe, nusu ya meza itaondoka."

"Basi iondoke!"

Akasema atalitafakari. Atalitafakari! Na huyo ndiye nitakayefanya naye kazi mwaka huu mzima.

Nilichojifunza: kabla hujasimama kuwaambia watu mashine ya mwenzako haifanyi kazi, muulize kwanza aliiwasha saa ngapi.