Malalamiko Dhidi ya Mchicha wa Agustina

Nyamisangura, Tarime.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Salaam, na pole kwa kazi ya kusikiliza kesi za watu wazima wasiokua. Mimi ni mzee niliyetoka kijijini Susuni mwaka juzi, baada ya mke wangu kufariki, nikaja kukaa kwa mwanangu Jackson. Kwa heshima zote naomba bustani ya Agustina, mjane wa nyumba ya pili, ing'olewe, na kile kiwanja kirudi kuwa jalala kama tulivyokizoea. Sababu zangu ni hizi:

1. Zamani tulitupa taka pale bila kuulizwa. Sasa pana matuta ya mchicha, sukuma wiki na ule mgagani tunaouita chinsaga, migomba sita na banda la kuku. Taka zangu zimebaki uani, tunatazamana.

2. Huku kwetu kila kipande cha ardhi kina kesi yake. Kile pekee hakikuwa nayo, kwa sababu kilinuka. Agustina ametuharibia amani.

3. Nina ng'ombe mmoja hapa mjini. Mwezi wa tatu, kwa nia ya kupinga bustani, nilimwaga matoroli manne ya samadi juu ya matuta yake, mchana kweupe. Nilitegemea matusi. Agustina akatoka, akapiga goti, akasema, "Asante sana, baba. Hata ndugu wa marehemu hawajanisaidia hivi." Majirani wakapiga makofi. Sasa Mkurya akishashukuriwa mbele za watu kwa kitu kilichotoka kwa ng'ombe wake, anarudije kusema hakutoa? Tangu siku hiyo napeleka toroli kila Jumamosi. Nateseka.

4. Kwa shukrani ananiletea chinsaga iliyolala kwenye maziwa, na ugali wa mtama. Mwanamume wa rika langu huulizwa habari za ng'ombe. Mimi naulizwa njiani mchicha umeotaje, na kibaya zaidi, jibu ninalo.

5. Nilikaa hapa mwaka mzima bila mtu kuniuliza nimeamkaje, na nilikuwa nimeshazoea. Siku hizi nikichelewa kutoka asubuhi, wanabisha mlango kujua kama naumwa. Mzee akidekezwa hivi, bustani ikifa atabaki na nani? Ni heri ife mapema, kabla sijaharibika kabisa.

Naomba amri itoke kabla ya Jumatatu.

Nisalimie wajumbe wako wote, mama watoto, na ng'ombe wako kama unao.

Wako mwenye utii na uchungu,
Nyangwine Waitara

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Jackson ananiambia kuna tajiri anayekitaka kiwanja hicho apafanye pa kuoshea magari, na kwamba kilichokuwa kinasubiriwa ni lalamiko la mkazi mmoja tu. Mwenyekiti, lalamiko hilo si hili. Ningeichana barua, lakini nataka jina langu ulijue mapema. Atakayekuja kung'oa atanikuta nimekaa na fimbo yangu kwenye tuta la tatu kutoka kwenye uzio. Tuta hilo ni langu. Nimepanda chinsaga kwa mbegu aliyoiacha mke wangu, na juzi imeota.